Bendera Iliyotangulia Kenchi

Jumatatu, 10 Machi

Chumba tunamolala kitahitajika tarehe 31 Machi. Aliyesema ni mwenye chumba, shemeji yangu Evaristo Oyarzún, leo wakati wa chai, huku akipaka siagi mkate wake pande zote mbili. Wapangaji wake wapya, watu sita wa vizimba vya kufugia samaki wa samoni, wanaingia siku hiyo. Shahidi ni mke wangu Hortensia, ambaye ni dada yake.

Hortensia naye akatoa taarifa yake. Tarehe 31 atalala chini ya paa lake mwenyewe, au chini ya paa la binti yetu kule Puerto Montt, na akienda huko ni mpaka majira ya baridi yaishe. Nikauliza mimi nitabaki na nani. Akasema, "Wewe una redio, mzee."

Hali ya nyumba yetu leo saa mbili asubuhi: msingi upo. Nguzo saba kati ya kumi na nane. Kenchi hakuna. Mabati yamelala chini ya turubai, yananingoja. Mvua ilianza saa mbili na dakika tano.

Evaristo amekumbusha kwamba yeye alijenga kwa siku arobaini, na kenchi zake zilipokamilika alichoma kondoo wawili. Amekumbusha mara tatu kabla birika halijaisha. Nimehesabu. Miaka thelathini na moja nasoma habari za mchana redioni. Kuwa sahihi ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 11 Machi

Mgeni studio: mwanasaikolojia kutoka Valdivia, mama wa skafu ya zambarau. Anasema malengo makubwa hufia njiani kwa sababu watu hawashangilii ushindi mdogo. Nilimpa dakika nane. Akachukua kumi na moja. Sikumkatiza.

Wazo! Nimejua kwa nini nyumba haiendi. Fundi Abelino Nahuelquín na wenzake wawili, Lindor na Chodil, hawana furaha. Wanapiga msumari, wanaondoka. Nani wa kuwapigia makofi? Kuanzia kesho kila hatua itashangiliwa. Mtungi wa chicha, ile pombe ya tufaha, sahani ya milcao za Hortensia, yaani mikate ya viazi, na maneno machache kutoka kwangu.

Lipo na lengo la pili, ambalo halijatangazwa. Kisiwani kwetu kenchi ya mwisho ikisimama, fundi hupandisha bendera, na mwenye nyumba huwachomea mafundi kondoo. Asipowachomea hutundikwa mfupa pale pale pa bendera, hadi atakapoona haya. Hesabu yangu: watu waliokwisha kushangilia mara kumi na moja hawatakuwa na hamu ya mara ya kumi na mbili. Mimi sina kondoo. Mwenye kondoo ni Evaristo. Simwombi!

Jumatano, 12 Machi

Nguzo ya nane imesimama saa nane mchana. Sherehe ya kwanza. Nilizungumza kuhusu safari ndefu na hatua fupi. Lindor alitoa machozi. Uchunguzi umeonyesha alikuwa amekaa upande wa moshi wa kuni.

Baada ya hapo hakuna msumari uliopigwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nguzo ya tisa, saa tano asubuhi. Makofi, chicha, milcao. Nilipouliza habari za nguzo ya kumi, Abelino akanishika bega. "Kesho, bosi. Tusiuchoshe ushindi."

Neno zuri. Nimeliandika pembeni nilitumie redioni.

Ijumaa, 14 Machi

Mafundi wameuelewa mpango kuliko mimi mwenyewe. Asubuhi Chodil alinijia mbio kunijulisha kwamba mfuko wa misumari umefunguliwa. Nikamuuliza habari iko wapi hapo. Akasema ulikuwa mgumu. Milcao tisa!

Saa sita, walinyoosha kamba. Saa tisa, Lindor aliipata nyundo iliyokuwa imepotea tangu juzi. Kwa mujibu wa Abelino, alikuwa ameikalia. Wakashangilia wenyewe bila kunisubiri.

Hortensia ameuliza viazi vya wiki nzima vimekwenda wapi. Nikasema vimewekezwa. Akasema kesho nitakula faida.

Jumatatu, 17 Machi

Nguzo zimefika kumi na sita! Jumamosi mvua ilinifungia ndani, na leo nilikuwa studio kutwa, kwa hiyo sherehe hazikufanyika siku zote mbili. Nguzo saba kwa siku mbili, bila sahani hata moja. Sijaona uhusiano wowote. Nadhani ni matunda ya sherehe za wiki iliyopita.

Hortensia amekwenda Puerto Montt kumwona binti yetu. Atarudi Alhamisi. Ameondoka na mkoba mdogo. Sanduku kubwa limebaki chini ya kitanda, ila limegeuzwa, mpini umeelekea mlangoni. Nimeliona.

Jumatano, 19 Machi

Nguzo zote kumi na nane. Kuta zimefika kiunoni. Kenchi: sifuri.

Evaristo amempigia Hortensia simu. Nilisikia nikiwa ukumbini, nikifunga kamba za viatu kwa muda wa dakika nne. Amemwambia dada yake kwamba pale kiwanjani anaona uzio mrefu tu, na kwamba binti amwandalie kitanda.

Hatari. Lazima Hortensia aone kitu kabla hajaamua. Nikafikiri hadi saa kumi.

Basi la Puerto Montt hupita juu ya kilima, na kutoka pale nyumba yetu haionekani, mitufaha imeikinga. Lakini kitu kirefu kingeonekana. Nina mti wa mita saba. Nina bendera, safi, imepigwa pasi. Hortensia akiona bendera juu ya mitufaha atajua kenchi zimekamilika. Mimi sitakuwa nimesema lolote. Bendera haina maandishi. Huu si uongo, ni picha bila maelezo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepandisha bendera saa tisa, nyota juu upande wa kushoto, kama sheria inavyotaka. Mafundi walikuwa gatini kuchukua mbao. Basi likapita saa tisa na nusu.

Hortensia ameshuka, amekuja moja kwa moja nyumbani kwa kaka yake, amenibusu kwenye paji la uso. Mara ya mwisho ilikuwa Januari. "Kumbe umeweza, mzee wangu!" Ameliingiza sanduku hadi ukutani kabisa. Ushindi mdogo! Ushindi mkubwa!

Saa kumi na dakika ishirini, Abelino amerudi na mbao. Ametazama juu. Amevua kofia. Ameweka msumeno chini, akawaita wenzake, wakakaa ubaoni wote watatu kama watu wanaosubiri daktari.

Nikauliza kuna nini. Akasema bendera imepanda, bosi, na bendera ikipanda nyundo hulala mpaka kondoo aive. Nikamwambia hicho ni kitambaa tu. Akasema hata suruali yake ni kitambaa tu, lakini haivui barabarani.

Nikamwonyesha kwamba kenchi hakuna. Akakubali. Akasema ana miaka thelathini kwenye kazi hii na hajapata kumwona bosi anayeshangilia paa kabla ya ukuta, ila yeye ni nani wa kuzuia furaha ya mtu nyumbani kwake. "Na wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kushangilia mapema."

Lindor akaniuliza kondoo ni wa kuchoma mzima au wa vipande. Ili wajue walete visu vipi.

Ijumaa, 21 Machi

Mazungumzo yameanza saa mbili asubuhi. Nimewapelekea soseji sita. Wamezila, wamefuta midomo, wamenishukuru mmoja mmoja. Kisha Chodil akauliza, kwa heshima zote, kama wale ndio wajumbe wa kondoo, na mwenyewe anafika saa ngapi.

Nikashusha bendera. Kosa! Nilidhani bendera ikishuka, mambo yanarudi yalipokuwa. Kumbe kushusha bendera bila nyama ni kutangaza ubahili kwa mkono wako. Saa nane nilipotoka studio mfupa ulikuwa juu ya ule mti wangu. Paja la ng'ombe, refu kama mkono wangu. Unaonekana kutoka kilimani vizuri kuliko bendera.

Nikataka kujua mafundi wamepata wapi mfupa wa namna ile. Chanzo cha habari: Lindor. Alitoa Evaristo. Kwa hiari. Aliwapa na waya.

Hortensia ameuona mfupa. Amevuka mitufaha, amefika kiwanjani, amesimama mbele ya kuta za kiunoni. Akazitazama kama dakika mbili. Amerudi, amelivuta sanduku, ameweka ndani soksi za sufu. Soksi tu. Nimeandika "soksi tu" kwa sababu hali inaweza kubadilika.

Jumatatu, 24 Machi

Siku saba zimebaki. Mafundi hufika kila asubuhi kwa wakati, hukaa ubaoni, huondoka jioni. Nidhamu ya hali ya juu.

Baada ya habari za mchana huja ujumbe kwa watu wa visiwa vidogo: nani afike gatini, ng'ombe wa nani ameonekana wapi. Huletwa kwenye vikaratasi, nami huvisoma kama vilivyo. Cha nne leo kilisema hivi: "Kwa don Remigio Barría, popote alipo. Mfupa bado uko juu, na mbwa wameanza kupanga foleni. Wako, fundi Abelino."

Don kwetu ni bwana, na Remigio Barría ni mimi. Nilikisoma hadi mwisho. Sauti haikutikisika. Zimepigwa simu kumi na nne kabla ya saa saba. Mtu mmoja wa kisiwa cha Mechuque alitaka kujua kama mfupa unauzwa.

Hapo ndipo nilipoona jambo. Kipaza sauti bado kilikuwa mbele yangu. Kikaratasi cha tano hakikuwapo, lakini hakuna msikilizaji anayeona vikaratasi. Nikasoma: "Don Evaristo Oyarzún, kwa moyo wake mkubwa unaojulikana na wote, atachoma kondoo wawili siku ya Jumamosi, tarehe 29, kwa heshima ya nyumba ya shemeji yake. Majirani wote mnakaribishwa."

Kisha nikaweka wimbo mrefu nikatokea mlango wa nyuma.

Jumanne, 25 Machi

Evaristo ameingia jikoni saa moja asubuhi akiwa na rangi nyekundu ya bitiruti. Ameniita mwizi wa kondoo anayeiba kwa mdomo. Nikamwambia kama habari si sahihi yupo huru kuikanusha, nitamsomea kanusho lake leo mchana, pale pale kwenye ujumbe.

Amekaa. Tatizo lake ni hili: tangu jana wamempongeza majirani watatu, padri, na mwenye duka la misumari. Mjane mmoja amemshika mkono kwa muda mrefu. Mtu aliyekwisha kupongezwa na padri hawezi kukanusha kondoo.

Amefikiri hadi mkate ukapoa. Kisha akatangaza kwamba hawatakuwa wawili, watakuwa watatu, ili watu wajue tofauti yake na yangu. Nimempa mkono. Hakuupokea.

Hortensia alikuwa anasugua sufuria. Akauliza kaka yake anatoa nyama, majirani watatoa vinywaji, na mimi je, natoa nini. Nikasema, habari. Akasugua kwa nguvu zaidi. Sandukuni imeongezeka sweta ya kijivu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimewaomba mafundi wafanye kazi kidogo leo, kwa kuwa nyama imekwisha kutangazwa. Abelino akasema tangazo halitafuniki.

Kenchi: sifuri. Zimebaki siku tatu.

Jumamosi, 29 Machi

Waliohudhuria: sitini na watatu. Mbwa: tisa. Kondoo: watatu, wote wa Evaristo, ambaye alivaa shati jeupe na kukata nyama mwenyewe ili kila sahani ipite mkononi mwake. Alisema kwa sauti kwamba yeye alijenga kwa siku arobaini, lakini hana kinyongo, husherehekea hata na wale ambao hawatafika mwisho. Watu wakacheka. Nikacheka pia, kama mmojawapo wa waliokuwepo.

Abelino alishusha mfupa, akapandisha bendera, akavua kofia. Makofi. Saa tisa kila mtu alikuwa ameshiba.

Ndipo Clorinda Guenel, anayeuza kome gatini na ambaye sauti yake haihitaji redio, akainua uso kutafuta kenchi. Akatafuta huku, akatafuta kule. Akauliza, "Hebu mnijuze, jamani. Tumekula nyama ya nini hapa?"

Wote wakatazama juu. Hata mbwa.

Kisiwani kwetu mtu akila nyumbani kwa mwenye kazi na kazi haijafanyika, basi ameitwa kwenye minga, kazi ya pamoja, na chakula chake hulipwa kwa mikono. Asiyelipa atasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Nikaona watu sitini na watatu wakiangalia mifupa sahanini mwao na kufikia uamuzi huo huo. Mimi sikuwa nimeupanga. Clorinda akakunja mikono ya sweta. "Haya, mlioweza kubeba matumbo, bebeni na mbao! Evaristo, vua hilo shati, harusi haipo."

Evaristo akavua shati. Nimeona kwa macho yangu. Hadi saa kumi na mbili kuta zilikuwa zimefika juu na kenchi tano zimesimama. Hortensia alishika ngazi. Aliishikia Abelino. Mimi nilipomwomba anishikie yangu alikuwa na shughuli.

Jumapili, 30 Machi

Wamerudi arobaini! Hakuna aliyewaita. Kenchi ya kumi na moja, ambayo ndiyo ya mwisho, ilipigiliwa saa saba na robo. Wakaanza mabati bila kupumua. Abelino alikadiria kwamba saa kumi nyumba itakuwa imefunikwa yote.

Saa nane na nusu bati la ishirini lilipigiliwa. Ishirini kati ya hamsini na sita! Nikatazama wale watu, wamelowa jasho, wanatabasamu, na hakuna aliyewaambia neno. Mwanasaikolojia alisema nini? Nikapanda kwenye pipa. Nikaomba nyundo zinyamaze. Nikawaita wote washuke, maana heshima haisikilizwi mtu akiwa juu ya paa.

Nimezungumza dakika ishirini na tano. Nilitaja safari ndefu na hatua fupi. Nilimtaja hadi marehemu baba yangu. Nilipofika kwenye shukrani mvua ilikuwa inapiga mlalo, upepo unainua mabati, na Abelino akatangaza kwamba leo hapandi tena mtu juu, bati litamkata shingo. Watu wakaniaga wakikimbia.

Hortensia alikuwa chini ya mwavuli. Ametoa taarifa fupi. Kabla ya hotuba: mabati thelathini na sita ya kupigilia, watu arobaini wa kuyapigilia, hewa kavu. Baada ya hotuba: mabati thelathini na sita. Takwimu zake ni sahihi, nimezihakiki.

Nikamuuliza kesho je. Sanduku? Puerto Montt? Akasema kesho nitaona.

Jumatatu, 31 Machi

Hortensia hakwenda Puerto Montt. Amethibitisha mwenyewe, saa moja asubuhi, akiwa amesimama chini ya bati la ishirini. Amesema aliahidi kulala chini ya paa lake, na paa ndilo hilo. Mabati ishirini yamefunika kipande cha kaskazini, na ndani yake pasipofikiwa na mvua ya mlalo ni mita tatu kwa mbili na nusu. Ameweka jiko la kuni, meza, na kitanda. Lindor na Chodil wamembebea vyote bila kuomba milcao.

Nimefurahi. Naandika hivyo bila kuongeza neno.

Saa tatu nimefika na sanduku langu. Kitanda ni cha mtu mmoja. Nikasema tungeweza kujibana. Hortensia akachukua futi yangu mwenyewe, akapima kitanda, akapima jiko, akanipima mimi. Akanionyesha. "Upande wako ni ule wa kusini, mzee. Ukipata paa, karibu."

Upande wa kusini kulikuwa na madimbwi manne.

Nimelala kwa Evaristo. Wapangaji wa samoni ni sita, mimi ni wa saba, kwenye benchi lililo kati ya mlango na buti zao. Evaristo amewatambulisha: huyu ni fulani, huyu ni fulani, na yule kwenye benchi ni mtu wa redio, akianza kuhutubia mzimieni taa.

Jumanne, 1 Aprili

Tathmini. Familia yetu ina watu wawili. Mmoja amehamia nyumba mpya tarehe ile ile iliyopangwa. Asilimia hamsini! Nimepitia habari za ujenzi za miaka yote nilizosoma mwenyewe. Hakuna mradi wowote wa serikali kisiwani hapa uliofika asilimia hamsini kwa wakati.

Abelino amekuja asubuhi. Hali ya hewa ni nzuri hadi Ijumaa, anasema, na upande wangu ni kazi ya siku mbili tu wakianza sasa hivi. Nyundo ilikuwa mkononi. Nikamwambia asubiri kidogo, siku mbili tatu hivi, kwa sababu nahitaji yeye na wenzake watengeneze meza na mabenchi ya wageni sitini. Jambo kama hili likipita bila kushangiliwa, lile lililobaki hufa. Akakuna kichwa kwa kofia. Kisha akaenda kuwaita wenzake, wakiwa na furaha.

Mwaliko nimeusoma leo baada ya habari za mchana: sherehe ya nusu ya kuhamia, nyumbani kwa familia Barría, upande wenye paa. Kome zitatolewa na Clorinda Guenel. Simu anayonipigia inalia tangu saa sita na nusu, kwa hiyo naamini habari imemfikia. Hortensia hajaambiwa. Kule kwake bado hakuna redio.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili, saa saba kamili mchana.